Njiti mbili zilizobaki: mimba huanza siku gani hasa?

Jirani yetu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Aliondoka Dar na shehena ya Lubumbashi, akakwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, akarudi nyumbani baada ya wiki saba. Wiki tatu na siku mbili baada ya kurudi kwake, mkewe alitoka zahanati na kadi mpya ya kliniki. Kwenye nafasi ya umri wa mimba nesi alikuwa ameandika: wiki 5.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alichukua kiberiti, akapanga njiti tano juu ya mkeka, moja kwa kila wiki ya kadi. Chini yake akapanga njiti tatu, za wiki ambazo mwanawe amekuwa nyumbani. Kisha akanyamaza, akawa anaziangalia mbili zilizozidi. Mkamwana wake alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Niliitwa kwa kuwa nafundisha baiolojia, na pia kwa kuwa mume mwenyewe alikuwa hajui akae upande gani. Nilieleza kwa dakika kumi, nikinywa chai isiyo na sukari, kwa maana siku ile hakuna aliyekumbuka sukari. Hapa naeleza kwa nafasi. Njiti mbili za namna ile zinasumbua nyumba nyingi, na jibu lake linapita katika mambo ambayo hata vitabu vya shule huyaruka.

Kadi haihesabu mtoto

Umri wa mimba unaoandikwa kwenye kadi hauanzi siku mwanamke aliposhika mimba. Unaanza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Sababu ni ya kawaida kabisa: hedhi inaonekana na tarehe yake inakumbukwa, lakini yai likiiva na kutoka halipigi hodi. Basi wakunga na madaktari dunia nzima wakaamua kuanzia pale wanapoweza kuona. Daktari Mjerumani Franz Naegele, mwanzoni mwa karne ya 19, ndiye aliyeieneza hesabu ambayo manesi wanaitumia hadi leo: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, na hiyo ndiyo tarehe ya kutarajia kujifungua mwaka unaofuata. Jumla ni siku 280, yaani wiki 40.

Lakini katika wiki hizo 40, mbili za mwanzo hazina mimba ndani yake. Mwanamke yumo hedhini, kisha anamaliza, kisha yai linaiva. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka mnamo siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35, hutoka mnamo siku ya 21, na kwake kadi itazidi kwa njiti tatu badala ya mbili. Ndiyo maana altrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo huaminiwa kuliko kumbukumbu ya mtu. Kwa lugha ya kliniki, basi, mwanamke mwenye "mimba ya wiki moja" ni mwanamke ambaye hajashika mimba. Nakubali ni lugha ya ajabu, na sioni kwa nini nesi asiieleze kwa sentensi moja anapokabidhi kadi.

Kwa nyumba ile ya jirani mambo yalikuwa mepesi zaidi ya walivyodhani. Siku ya kwanza ya hedhi iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa wiki mbili kamili kabla lori halijarudi. Tarehe iliyowatia wasiwasi ndiyo hasa iliyoonyesha kwamba siku ile mwanamke hakuwa na mimba: alikuwa kwenye siku zake.

Neno "mbegu" lilivyotupotosha

Yai lililotoka mwezi ule halikutengenezwa mwezi ule. Mtoto wa kike akiwa tumboni mwa mama yake, mnamo mwezi wa tano, ana mayai machanga yapatayo milioni 6 hadi 7. Akizaliwa yamebaki kama milioni 1 au 2, akibalehe ni laki 3 hadi 4, na maishani mwake mwote yatakayoiva na kutoka ni kama 400 au 500 tu. Kila moja lilianza kujigawa kabla mwenyewe hajazaliwa, kisha likasimama katikati ya kazi, likangoja. Hungoja miaka 15, 30, hata 45. Maana yake ni hii: yai lililokuja kuwa wewe liliumbwa ndani ya tumbo la bibi yako mzaa mama, wakati mama yako akiwa bado kijusi. Kungoja huko kuna gharama. Kadiri miaka inavyopita kromosomu, vile vibebeo vya urithi ndani ya seli, huachana vibaya zaidi, na ndiyo sababu mama aliyekaribia miaka 40 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto mwenye sindromu ya Down kuliko binti wa miaka 22.

Kwa ukubwa, yai lina kipenyo cha kama milimita 0.1, sawa na unene wa karatasi ya daftari. Ni kubwa kuliko karibu seli zote za mwili, ila halikuonekana mapema. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alizitazama mbegu za kiume chini ya lenzi yake mwaka 1677. Yai la mnyama anyonyeshaye halikuonekana mpaka 1827, Karl Ernst von Baer alipoliona kwa mbwa. Miaka 150 katikati hapo ilitosha kuandika hadithi ya upande mmoja. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichora mbegu ya kiume ikiwa na kijitu kamili kimejikunyata kichwani mwake, kichwa kikubwa, mikono imekumbatia magoti. Kwa fikra hiyo mtoto mzima anatoka kwa baba, na mama anatoa chumba tu.

Tusimcheke Hartsoeker, maana Kiswahili chetu kimefanya vivyo hivyo kwa neno moja: mbegu. Mkulima anayefukia punje ya hindi anafukia mmea mdogo ambao tayari umeundwa. Loweka punje usiku kucha, ipasue kwa ukucha, utauona: kiinitete cheupe chenye mzizi wake na chipukizi lake, kimeegemea akiba ya wanga. Udongo unaongeza maji na madini. Sasa ukisema mwanamume ndiye mwenye mbegu, mwanamke amekwisha kuwa shamba. Na mengine yote hufuata yenyewe: mtoto ni wa mwenye mbegu, na kisipoota kitu lawama ni za shamba.

Kwa usahihi, kinachotoka kwa mwanamume kinafanana na chavua, ule unga wa njano unaodondoka kutoka kwenye mbelewele na kuangukia ndevu za muhindi. Mbegu kwa maana ya mkulima ni kile kinachopatikana baada ya hapo, na wazazi wake ni wawili. Sitarajii mtu aache kulitumia neno hilo, nami nitaendelea nalo hapa chini, ila lisomwe kwa tahadhari.

Katika mgawanyo halisi, kila upande unaleta kromosomu 23. Zaidi ya hizo, baba analeta kitu kimoja kidogo chenye maana kubwa, sentrioli, inayosaidia kuzipanga nyuzi za kuvuta kromosomu seli inapogawanyika mara ya kwanza. Kilichobaki karibu chote ni cha mama: chakula, mitokondria za kutengeneza nishati, na shehena ya maelekezo yaliyoandikwa kabla, yatakayoendesha kazi siku za kwanza. Mitokondria chache zinazoingia na mbegu huharibiwa. Jinsia lakini iko mikononi mwa baba. Yai daima lina kromosomu X. Nusu ya mbegu zina X na nusu zina Y, jambo ambalo Nettie Stevens alilionyesha Marekani mwaka 1905 akichunguza wadudu wanaokula unga. Mwanamke anayesimangwa kwa kuzaa wasichana watupu anasimangwa kwa jambo ambalo yai lake halina neno ndani yake.

Usiku mmoja hautoshi

Watu husema "usiku ule alishika mimba". Mara nyingi si usiku ule.

Mamia ya milioni ya mbegu huingia ukeni, na zinazofika karibu na yai ni mamia tu. Tena zikifika mapema hazina uwezo wa kufanya lolote. Lazima zikae saa kadhaa ndani ya mwili wa mwanamke, zivuliwe vitu vilivyogandamana kichwani mwake, ndipo ziweze kupenya. Hilo liligunduliwa mwaka 1951 na watu wawili waliokuwa mbali kabisa, Min Chueh Chang akiwa Marekani na Colin Austin akiwa Australia. Kwa hiyo ile hadithi tamu ya mbio za kilomita, kwamba wewe msomaji ni mshindi uliyewatangulia mamilioni, haina ukweli. Waliotangulia walifika hawajawa tayari.

Mbegu huweza kuishi hadi siku 5 kwenye mirija ya uzazi. Yai likitoka lina saa 24 hivi, wakati mwingine nusu yake, kabla halijaharibika. Fanya hesabu: dereva anayeagana na mkewe Jumatatu usiku anaweza kuwa baba Ijumaa mchana, yeye yuko Tunduma anagonga mihuri. Ni katika nafasi hii pia ndipo P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inapofanyia kazi yake. Kidonge kile huchelewesha yai kutoka, mbegu zifie njiani. Yai likiwa limekwisha kutoka, hakina msaada mkubwa, na mimba iliyokwisha kujishikiza hakiiondoi. Ndiyo sababu wauza dawa wanahimiza saa badala ya siku.

Mkutano wenyewe haufanyiki kwenye mfuko wa uzazi. Unafanyika juu zaidi, kwenye sehemu pana ya mrija. Yai limezungukwa na wingu la seli ndogondogo, na ndani ya wingu hilo kuna ganda nene la utelezi. Mbegu ikishapita ganda, uso wake unagusana na uso wa yai, na hapo protini mbili hushikana. Ya mbegu inaitwa Izumo, iligunduliwa Japani mwaka 2005 na kupewa jina la hekalu ambalo Wajapani huenda kuombea ndoa. Ya yai ilijulikana 2014 katika Taasisi ya Sanger, Uingereza, na waliitafutia jina la kulipiza: Juno, mungu wa kike wa ndoa wa Warumi wa kale. Panya aliyeondolewa mojawapo ya hizo huwa na mbegu zinazoogelea vizuri na mayai mazima, lakini watoto hawapatikani.

Mara tu zikishikana, wimbi la kalsiamu hupita ndani ya yai kutoka upande mmoja hadi mwingine. Vifuko vilivyojipanga chini ya utando hupasuka, ganda linakazwa, na Juno zote zinavuliwa kutoka usoni. Kwa panya hilo huchukua kama dakika 40. Mbegu ya pili ikiingia, kromosomu zitakuwa 69 badala ya 46, na kiinitete cha namna hiyo hakifiki mbali. Mlango unafungwa kwa sababu hiyo.

Ni sasa tu ndipo yai linapoimaliza kazi lililoianza tangu enzi za tumbo la bibi. Linamalizia kujigawa, linatupa nje nusu ya kromosomu zake ndani ya kifuko kidogo, na linabaki na 23.

Hapo ndipo ugomvi wangu na vitabu vya shule unapoanza. Vitabu husema kiini cha yai na kiini cha mbegu "huungana" kuwa kiini kimoja, nacho ni zaigoti. Picha hiyo ilitoka kwa Oscar Hertwig, aliyetazama mwaka 1876 mayai ya viumbe vya baharini vyenye miiba, wale wanaowachoma watu nyayo maji yakipwa. Kwa viumbe wale viini vinaungana kweli. Kwa binadamu haviungani. Viini viwili husogeleana kwa saa nyingi, vikakaa ubavu kwa ubavu, kisha tando zake zikayeyuka na kromosomu zikapangwa moja kwa moja tayari kwa kugawanyika. Utafiti wa 2018 kwa panya ulionyesha kwamba hata hapo kromosomu za baba na za mama zinapangwa na seti mbili tofauti za nyuzi, kila upande na zake. Mara ya kwanza zinapolala ndani ya kiini kimoja ni baada ya seli kuwa mbili, na kwa binadamu hiyo ni kama siku moja na saa kadhaa tangu mbegu ilipoingia.

Basi ukiniuliza mimba imeanza dakika gani, nitakuuliza nawe: unataka dakika ya protini kushikana, ya mlango kufungwa, ya kromosomu kukutana, au ya kiini cha kwanza cha pamoja? Zote ni za kweli, na kati ya ya kwanza na ya mwisho jua limekuchwa na kuchomoza.

Wiki ambayo mama hana habari

Chukua donge la unga wa chapati, ulikate mawili, kisha manne, kisha manane. Madonge yanaongezeka, unga ni ule ule. Ndivyo zaigoti inavyogawanyika. Siku ya pili ni seli nne, siku ya tatu nane, na zote pamoja bado zimo ndani ya lile ganda la utelezi, hazijazidi ukubwa wa yai la mwanzo hata chembe. Siku ya nne zimebanana kama tunda la forosadi, na jina la kitaalamu la hatua hiyo, morula, ni la Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Hadi seli nne au nane, kazi inaendeshwa na maelekezo aliyoyaacha mama kwenye yai. Mwaka 1988 watafiti wa Uingereza, Peter Braude na wenzake wawili, walionyesha kwamba ni hapo ndipo jeni za kiinitete chenyewe zinapoamka. Siku mbili za mwanzo baba ni kama mgeni aliyekaribishwa, amekaa, ila hajafungua mdomo.

Tunayajua haya kwa macho kwa sababu yalifanyika kwenye kisahani. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walihangaika miaka kumi hivi Uingereza, wakiitwa majina mabaya, mpaka Louise Brown alipozaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Purdy alisomea uuguzi, na ndiye aliyeziona seli za Louise zikigawanyika kwenye hadubini. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Wenzake wawili walikuwa wamekwisha kufariki, na Nobel haipewi marehemu.

Wakati donge linagawanyika, linasafiri. Vinyweleo vya ndani ya mrija vinalipepea kuelekea kwenye mfuko wa uzazi, na linafika baada ya siku tatu au nne. Mrija ukiwa na makovu, mathalani ya kisonono au klamidia isiyotibiwa, linakwama. Nalo halina habari kama limekwama. Lina saa yake, na siku ya kujishikiza ikifika linajishikiza hapo hapo lilipo. Hiyo ndiyo mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, moja au mbili katika kila mimba 100. Maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, kutokwa damu kidogo, kizunguzungu, bega kuuma: huyo si wa kulala na kusubiri asubuhi.

Siku ya tano donge linapata uwazi wenye majimaji, na kwa mara ya kwanza seli zinapewa kazi tofauti. Za nje zitakuwa kondo la nyuma. Kundi dogo la ndani ndilo litakalokuwa mtoto. Wengi hushangaa wakisikia kwamba sehemu kubwa ya "mimba" ya siku ya tano si mtoto, ni chombo cha kumlisha.

Mapacha wa kufanana wanapatikana katika siku hizi. Wasiofanana ni mayai mawili na mbegu mbili, ndugu wa kawaida waliopanda basi moja. Lakini Kulwa na Doto wa sura moja ni donge lililoachana. Likiachana ndani ya siku tatu za mwanzo, kila mmoja anakuwa na kondo lake. Likiachana kati ya siku ya 4 na ya 8, wanagawana kondo moja. Likichelewa kupita siku ya 13, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, haliwahi kuachana kabisa. Wengi wetu tunawakumbuka Maria na Consolata Mwakikuti, waliofariki Iringa mwezi Juni 2018. Watu waliwaita "mapacha walioungana". Huenda ilikuwa sahihi zaidi kusema mapacha ambao hawakumaliza kuachana.

Siku ya sita kiinitete kinatoka kwenye ganda lake kama kifaranga, kinagusa ukuta wa mfuko wa uzazi na kuanza kujichimbia. Kazi hiyo inakamilika mnamo siku ya 10. Mpaka hapo mwili wa mama ulikuwa unajiandaa kwa hedhi kama mwezi wowote mwingine. Seli za nje ndizo zinazotuma salamu ya kwanza, homoni iitwayo hCG, na ujumbe wake ni mfupi: hedhi isije. Kile kipimo cha mkojo cha mistari miwili kinasoma salamu hiyo. Ukipima kabla haijatumwa utapata mstari mmoja, ingawa kiinitete kipo. Ngoja siku ya hedhi ipite ndipo upime.

Kabla ya vipimo hivyo vya buku, Afrika ilitoa kipimo chake. Mnamo mwaka 1930 Lancelot Hogben, akifundisha Cape Town, aligundua kwamba chura wa majini wa huko mwenye kucha miguuni hutaga mayai akidungwa homoni fulani. Wakamdunga mkojo wa mwanamke. Kama ana mimba, kesho yake chura ametaga. Vyura wa Afrika Kusini wakasafirishwa kwenda hospitali za Ulaya na Marekani kwa maelfu, na wakapima mimba mpaka miaka ya 1960.

Salamu nyingi hazifiki. Katika mimba zinazojulikana, kati ya 10 na 15 kwa kila 100 huharibika mapema, na nyingi zaidi hupotea kabla mtu hajajua, zikionekana kama hedhi iliyochelewa kidogo. Sababu kubwa ni kromosomu zilizozidi au kupungua tangu siku ya kwanza. Ndoo ya maji, mtaro aliouruka, jicho la wifi: mara nyingi hazimo kabisa kwenye kesi hii.

Mstari, na mgongo

Siku ya 14 au 15, kadi ikisema wiki nne, kiinitete ni kisahani bapa kisichofika milimita moja. Mstari unatokea upande mmoja wa kisahani hicho, na seli zinaanza kuzama ndani yake na kujitandaza chini. Zinapomaliza kuna matabaka matatu. La juu litakuwa ngozi na ubongo, la kati damu, mifupa, misuli na moyo, la chini utumbo, ini na mapafu. Lewis Wolpert, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa mwanabaiolojia London, alipenda kuwaambia watu kwamba hiyo ndiyo siku kubwa ya maisha yao, kuliko kuzaliwa, kuoa au kufa. Nami nakubaliana naye, isipokuwa siku hiyo haina sherehe kwa vile hakuna anayeijua.

Sheria ya Uingereza ya 1990, kufuatia kamati ya Mary Warnock iliyotoa taarifa yake 1984, ilikataza kulea kiinitete maabara kupita siku 14 kwa kuangalia mstari huo. Kabla ya hapo mmoja anaweza kuwa wawili. Kama hapo pana mtu au bado ni swali wanaloulizana mashehe, maaskofu na wanasheria, na hadubini haina mizani ya kulipima.

Tabaka la juu sasa linajikunja. Kingo mbili zinanyanyuka kama mkeka unaokunjwa, zinakutana mnamo siku ya 22, na zinafungika kama zipu kuelekea kichwani na kuelekea chini. Siku ya 28 mrija wote umefungwa: huo ni ubongo na uti wa mgongo. Pale zipu inaposhindwa kufunga chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuata. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, inapunguza sana hatari hiyo, ila iwe mwilini kabla. Siku ya 28 ni wiki ya sita kwenye kadi. Akina mama wengi wanaanza kliniki mwezi wa tatu au wa nne, na vidonge wanavyopewa vinawafaa kwa damu. Kwa mgongo wa mtoto vimechelewa miezi. Ndiyo sababu Tanzania na Kenya zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezewe foliki asidi: andazi la asubuhi linamfikia binti ambaye hajui kama yumo safarini.

Haya yote sikuyasema sebuleni kwa jirani. Nilizichukua njiti mbili zilizozidi, nikazisogeza pembeni ya mkeka, nikasema: "Hii ni ya hedhi yake, mama, na hii ni ya yai kuiva. Mtoto anaanzia hapa." Zikabaki tatu juu na tatu chini. Mama mkwe alizitazama kwa muda mrefu.

"Sasa mwalimu, huyo mtoto yukoje?"

"Kama punje ya ufuta, mama. Ana siku ishirini na mbili hivi."

Akacheka kidogo, akamwita mkamwana wake aache huo mchele aje anywe chai, na safari hii sukari ikakumbukwa. Mimi nilipiga hesabu nyingine nikiwa njiani kurudi nyumbani. Moyo huanza ukiwa mrija mwembamba, bila vyumba, na mnamo siku ya 22 hutikisika kwa mara ya kwanza, kwa kusitasita, kisha hauachi. Inawezekana kabisa ulianza alasiri ile, bibi yake akirudisha njiti kwenye kiberiti moja moja.